Madirisha ya Dahalia

Kijana wa Micheweni, aliyelala kitanda cha tatu kutoka changu, alikuwa akikohoa tangu mwisho wa masika. Nilikuwa kidato cha tatu, katika skuli moja yenye dahalia, yaani bweni, kaskazini ya Pemba. Tulisema mafua, halafu tukasema baridi ya kusi. Kwao wakamletea habasoda na asali, akawa analamba kila usiku, na suruali inazidi kumpwaya. Alfajiri akiamka shati limemganda mgongoni kwa jasho, na upepo wote ule unavuma nje.

Nje, maana ndani haukuingia. Madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa maboksi kwa sababu ya mbu, na vitanda vimebanana hata ukinyoosha mkono umemgusa mwenzio. Asubuhi mlango ukifunguliwa, hewa ilitoka nzito kama mvuke wa sufuria.

Siku alipotema kohozi lenye damu, hofu ikaingia. Wapo waliosema karogwa. Kikombe chake kikatengwa peke yake juu ya ukuta wa jiko, sahani yake ikatiwa alama, na jamvi aliloinuka hakuna aliyelikalia. Usiku ukiingia, chumba kile kile, maboksi yale yale.

Maalim aliyekuwa mlezi wetu akampeleka hospitali Wete. Majibu yakarudi: kifua kikuu. Haukupita muda akaja mhudumu wa afya, mama wa makamo, sote tukimwita Dokta. Alipoingia chumbani hakuuliza habari ya kikombe. Alianza kubandua maboksi.

"Nani kaziba?"

Kimya. Mmoja akajitutumua: "Mbu, Dokta."

"Mbu ana chandarua. Hiki kinataka upepo."

Akatueleza kwamba vidudu vya kifua kikuu hukaa hewani mgonjwa akikohoa, akipiga chafya, hata akiimba. Chumba kikifungwa hubaki humo humo vikisubiri mapafu ya mwingine. Chombo na jamvi havina neno. Mwenzetu mmoja akakunja mkono wa shati akaonesha kovu la chanjo ya utotoni, akidhani kapona hapo. Dokta akamwambia chanjo ile humkinga zaidi mtoto mdogo na kifua kikuu kikali, kile cha kwenda mpaka kwenye ubongo. Kijana mkubwa asiitegemee.

Kisha tukatolewa uani, chini ya mwembe, hewani. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, mwenye homa za jioni, anayetoka jasho usiku au aliyekonda bila sababu, akapewa kikopo. Hapo pakawa kichekesho. Vijana wanatema mate matupu, naye anawarudisha: "Haya mate, mwanangu. Nataka la kifuani." Kikopo cha pili kilikuwa cha kesho yake alfajiri, kabla mtu hajatia kitu kinywani. Akapatikana mmoja zaidi, na huyo, nakwambia, hakuna aliyekuwa akimdhania. Alikuwa golikipa wetu.

Mwenzetu wa Micheweni akaanza dawa za miezi sita. Siku ya mwanzo alipiga kelele chooni, mkojo umekuwa rangi ya chungwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa dawa ndiyo hufanya hivyo. Baada ya wiki chache daktari akamruhusu kurudi skuli, maana dawa zikimezwa sawasawa, uambukizaji hushuka mapema, ingawa kuzimaliza ni lazima. Maalim akawa anamsimamia kila asubuhi, mpaka ameze mbele yake. Kitanda chake kikahamishiwa dirishani, na kwa joto la kaskazi lililofuata, kikagombaniwa.

Dokta alifika mpaka kwao Micheweni kuwapima waliokuwa wakikaa naye nyumba moja alipokuwa akirudi likizo. Mdogo wake, hajafika miaka mitano, akaonekana mzima, lakini akaandikiwa dawa za kinga. Mama yao akakataa katakata.

"Mzima anameza dawa ya nini?"

"Ndiyo wakati wake, bibi. Akishaumwa nitamletea nyingine, na hizo ni nyingi zaidi."

Mama akazitazama, akauliza zimezwe kabla ya chai au baada.