Kifaransa Kilichojificha Ndani ya Kiingereza

Hapa Lubumbashi, anayejifunza Kiingereza ili afanye biashara na Wazambia kule Kasumbalesa, au asome maelezo ya mashine ya mgodini, huanza kwa hofu ya mtu asiye na kitu mkononi. Hofu hiyo haina msingi. Kama ulisoma kwa Kifaransa, maelfu ya maneno ya Kiingereza unayo tayari. Kazi ni kuyatambua.

Yaliingia kwa wingi baada ya 1066, William wa Normandie, kaskazini mwa Ufaransa, alipoiteka Uingereza. Wakubwa na mahakimu walitumia Kifaransa kwa vizazi vingi. Hata sheria ya 1362, iliyotaka kesi zisemwe kwa Kiingereza, yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa.

Anza na kile kikofia cha ê, ô, î. Mara nyingi ni kaburi la s. Wafaransa waliacha kuitamka zamani, na kamusi ya 1740 ya Académie, baraza la lugha ya Kifaransa, ikaifuta katika maandishi na kuweka kofia mahali pake. Waingereza walikuwa wamekwisha kuchukua maneno hayo, s ikiwa ndani. Basi irudishe: forêt ni forest, côte ni coast, bête ni beast, honnête ni honest, hôpital ni hospital. Kiswahili sanifu nacho kina s hiyo katika hospitali, ingawa wengi mjini kwetu husema lopitali, pamoja na l ya Kifaransa iliyogandia mbele. É ya mwanzo huficha s vilevile: état, state, étranger, stranger, épice, spice, éponge, sponge. Njia hii hukwama kwenye âge na sûr, kwa kuwa kofia zao zilitokana na irabu mbili zilizoungana, si s iliyokufa.

Alama ya pili ni g na w. Wanormandi hawakusema kama watu wa Paris. Katika maneno ambayo Kifaransa chenyewe kiliyapata kwa Wajerumani wa kale, Paris ilisema g, wao wakabaki na w. Ndiyo maana guerre ni war, Guillaume ni William. Usiibebeshe kila g sheria hii. Goût ina asili ya Kilatini, haimo. Baadaye Waingereza walikopa tena, safari hii kwa sauti ya Paris, wakajikuta na maneno mawili ya jambo moja: warden na guardian, warranty na guarantee. Kwa c na ch ni hivyohivyo: catch na chase ni ndugu wa chasser, na castle ni château kwa kinywa cha Mnormandi.

Panapoumiza ni maana, kwa sababu neno likishahama halirudi nyumbani kuuliza habari. Gage ya Kifaransa ni rehani, wage ya Kiingereza ni mshahara. Library ni maktaba: zamani librairie nayo iliwahi kuwa na maana hiyo, kisha Wafaransa wakaipeleka dukani, Waingereza wakabaki na ya kale. Location kwa Mwingereza ni mahali, si kukodisha, kwa hiyo tangazo la nyumba ya kupanga lenye neno hilo peke yake halimwambii lolote. Eventually ni hatimaye; ukiiandika kwenye barua ya biashara ukiwaza éventuellement, ulitaka kusema "huenda nikalipa" na mwenzako amesoma "mwishowe nitalipa". Hilo ni deni.

Hatari zaidi ni demand. Demander ni kuomba tu. Neno la Kiingereza lilikulia mahakamani, mahali ambapo mtu hudai haki yake, na ukali huo haujalitoka. Fundi anayemwandikia mkubwa wake "I demand two days" amemwamuru. Aandike "I would like to ask for two days".