Nilidhani mtoro, kumbe mwezi

Habari za siku nyingi wadau, najua sijaandika kitu toka Pasaka. Shule imenibana, afu tuliitwa semina ya unasihi (ule wengi tunauita ushauri nasaha) Jumamosi tatu mfululizo kule kituo cha walimu, na hiyo semina ndo nataka niiongelee leo maana imenivuruga kichwa. Kwa uzuri lakini.

Niseme ukweli, nilienda nimenuna. Jumamosi ndo siku yangu ya kufua, posho yenyewe nauli na chai ya andazi moja, na mada ilikuwa stadi za awali za unasihi na mawasiliano kwa walimu, nkasema mimi hii naijua bana, miaka kumi na moja nipo darasani na miwili nimepewa umwalimu wa malezi (nilipewa kwa vile ni mwanamke na aliyekuwa nao alihamia Sengerema, hakuna aliyeniuliza kama najua kunasihi mtu). Mtoto akizingua analetwa kwangu, namkalisha, namwambia baba yako anapigwa na baridi ziwani, mama yako yuko gengeni toka asubuhi, wewe unachezea shule, analia, namwambia futa machozi rudi darasani. Hiyo nilikuwa naiita ushauri nasaha. Na nilijiona niko vizuri sana kwa sababu walikuwa wanalia.

Sasa mwezeshaji, dada mmoja wa ustawi wa jamii, mpole lakini hana utani, akaanza na swali moja tu. Kwenye ushauri nasaha nani anaongea? Ukumbi mzima, mwalimu! Akacheka. Akasema jina lenyewe linatuponza, ushauri ni maneno, nasaha ni maneno, mmechukua maneno mawili ya kuongea mkayafunga kamba moja, sasa mwalimu atanyamaza saa ngapi? Yeye anapenda kusema unasihi tu, na kwenye unasihi mwenye shida ndo anaongea zaidi, wewe unamsaidia alione tatizo lake vizuri mpaka achague mwenyewe cha kufanya. Akatutajia Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye toka miaka ya 1950 huko alikuwa anasema mtu anafunguka na kubadilika akikaa na mtu anayemkubali bila masharti, anayejaribu kuyaona mambo kwa macho yake, na asiyeigiza. Mwalimu mmoja wa hesabu akauliza kutoka nyuma, bila masharti hata kama kaja na ndala? Tulicheka mpaka basi, ila swali lilikuwa la kweli kabisa, sisi tunaanza na ndala ndo tunafika kwa mtoto.

Zoezi lililoniumiza lilikuwa la dakika tano. Mnakaa wawili wawili, mmoja anaongea kitu kinachomsumbua, mwingine anasikiliza tu, marufuku kushauri, marufuku kusema "hata mimi yalinikuta", marufuku kumtajia Mungu (hii iliniuma maana ndo silaha yangu). Mimi nilipangwa na mwalimu mzee wa upande wa Magu. Akaongea kidogo habari za shamba, akanyamaza. Jamani kile kimya! Niliangalia feni, nkaangalia viatu vyangu, ulimi unawasha, nilikuwa na sentensi kama nne nzuri kabisa ziko tayari. Mwezeshaji akapita nyuma yangu akaniwekea mkono begani. Ikapita sijui nusu dakika sijui dakika nzima, yule mzee akasema taratibu, "Madam, mimi kusema kweli nimechoka." Yaliyofuata siyaandiki, ni yake. Ila nijuavyo mimi ningeongea pale ningemrudisha shambani kwenye mahindi.

Kuna kitu pia walimu wa huku tulikipinga na nafurahi tulikipinga. Mwezeshaji aliandika ubaoni herufi SOLER, kifupi cha maneno ya Kiingereza, ni za Gerard Egan, naye mwanasaikolojia wa Marekani, maana yake kwa kifupi umwelekee mtu, mkao uwe wazi, uiname kidogo kumfuata, umwangalie machoni, na utulie. Hapo kwenye macho ndo tulipogoma. Mtoto wa Kisukuma hamkodolei mkubwa macho, ni utovu wa adabu, akiangalia chini anakuheshimu, na wewe ukimkazia macho anajua amekwisha. Mwezeshaji hakubisha, akasema basi kaeni ubavu, kiti pembeni ya kiti, asikae mtu nyuma ya meza. Nimejaribu, inafanya kazi kuliko maelezo yangu. Na neno "kwa nini" tuliambiwa tulipumzishe, maana ukimuuliza mtoto kwa nini umechelewa anatafuta utetezi kama yuko mahakamani, ukimwambia hebu nisimulie asubuhi yako ilikuwaje, anasimulia.

Sasa kijana wangu. Nimwite Juma, silo jina lake, na nimemuomba ruhusa, na mambo mawili matatu nimeyabadilisha. Kidato cha pili. Analala darasani, anachelewa, siku nyingine haji kabisa, afu inafika kipindi anakuwa mwanafunzi safi mpaka unajiuliza ni yuleyule? Tulimwandika mtoro sugu. Viboko alichapwa, tena sio kwa utaratibu, maana kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinasema visizidi vinne, achape mkuu wa shule au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Hicho kitabu mimi sijakiona. Na mimi nimo katika waliomchapa, nisijifiche.

Nikamwita, tukakaa kwenye benchi la nyuma ya maktaba, ubavu kwa ubavu. Nkamwambia kwanza kama tulivyofundishwa, tutakayoongea yanabaki hapa, isipokuwa kama kuna mtu anakuumiza au unataka kujiumiza, hapo nitalazimika kumwambia anayeweza kusaidia, maana Sheria ya Mtoto ya 2009 inatudai tutoe taarifa. Akaitikia kwa kichwa. Nkasema nisimulie asubuhi zako. Kimya. Nkakaa nacho. Kunguru wakapiga kelele, kengele ikagonga, sikuinuka.

"Madam, si inategemea na mwezi."

Mwezi gani? Wa juu. Kumbe saa kumi alfajiri yuko mwaloni anangoja mitumbwi ya dagaa, anabeba ndoo mpaka kwenye vichanja, analipwa kwa ndoo, wakati mwingine anabaki kumsaidia bibi yake kuanika mpaka saa mbili. Mwezi ukipevuka kazi inasimama siku kadhaa, kwa sababu dagaa wa ziwani wanavuliwa kwa taa, na ziwa likishang'aa lote taa haiwavuti tena. Hapo ndo analala usiku kama watu. Nikarudi ofisini nkafungua rejista ya miezi mitatu, nkaweka na kalenda pembeni. Wiki safi, wiki chafu, wiki chafu, wiki chafu, wiki safi. Mimi nafundisha Jiografia jamani, kila mwaka nachora awamu za mwezi ubaoni kwa chaki ya rangi, na nimezaliwa hapahapa Mwanza, hizo taa za wavuvi naziona usiku kama mji mwingine uko juu ya maji.

Sijamaliza tatizo lake, bibi bado anahitaji ile hela ya ndoo. Tumekubaliana na bibi Juma abebe ndoo za mwanzo tu, saa moja aje shule, na nimemwomba mwalimu wa darasa asimtoe nje akichelewa siku za giza, mwezi usipokuwepo. Viboko nimeomba vikome, mkuu amesema "tutaangalia", mnajua maana yake.

Jana nimemfuata mwalimu wa taaluma kumwambia majaribio ya kidato cha pili yameangukia giza tupu na Juma hayuko peke yake, nimeshahesabu sita. Akanikata jicho, "Kwa hiyo madam sasa hivi mitihani tuandame mwezi, kama Ramadhani?" Nikanyamaza, kama nilivyofundishwa. Akatoa simu, akaperuzi weee.

"Unapevuka tarehe ngapi?"