Mimi na mama katika masseria ya Puglia: tulivyofika, tulivyolala na tulivyokula

Mimi ni mtu wa Malindi, na Kitaliano nimekiokota kazini, kwenye mapokezi ya hoteli. Mji wetu umejaa Wataliano tangu kabla sijazaliwa, na wageni waliotoka Puglia, kule kusini kwenye kisigino cha Italia, walikuwa wakinisifia nyumba za mashambani kwao ziitwazo masseria. Ni majumba ya mawe, mengi yalijengwa kati ya karne ya 16 na ya 18. Mwenye shamba, wafanyakazi, mifugo, nafaka na mafuta ya zeituni, vyote vilikaa ndani ya ukuta mmoja. Leo mengi yamekuwa hoteli. Nilipopata nafasi ya kumpeleka mama safari, nilitaka huko.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchagua nyumba ya kweli. Wakenya wengi waliiona hoteli ya Borgo Egnazia huko Puglia kwenye taarifa ya habari Juni 2024, Rais Ruto alipoalikwa kwenye mkutano wa G7, kundi la nchi saba tajiri. Ni pazuri mno, lakini kijiji kile kimejengwa karne hii kwa kuiga vijiji vya zamani. Mimi nilitaka kuta zilizoishi. Kwa hiyo kila nyumba niliyoiandikia niliiuliza swali moja: je, bado mnalima na kukamua mafuta yenu wenyewe? Waliokwepa swali niliwaacha. Inasaidia pia kujua kwamba chini ya sheria ya Italia ya mwaka 2006, mahali hapawezi kujiita agriturismo, yaani nyumba ya wageni ya shambani, ila mwenyewe awe mkulima na kilimo kibaki ndiyo kazi kuu. Hoteli ya kawaida haifungwi na sharti hilo. Tuliyoichagua ilikuwa upande wa Ostuni, katikati ya mizeituni, na tulikwenda Oktoba. Agosti Wataliano wote wako likizo na bei hupaa.

Viza ya Schengen, ya kuingia Italia na majirani zake, sitaieleza sana: ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Omba mapema, kwani wanaruhusu hadi miezi sita kabla ya safari.

Watu huogopa kwamba bila gari huwezi kukaa shamba la Italia. Inawezekana, ukipanga. Kutoka Roma tulichukua treni ya mwendo kasi hadi Bari, kama saa nne hivi, kisha treni ya kawaida inayofuata pwani ya Adriatiki kuelekea Lecce, tukashuka Ostuni. Tiketi ya karatasi ya treni hizi za kawaida lazima uigonge muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, la sivyo unatozwa faini. Stesheni yenyewe iko bondeni, mbali na mji uliokaa juu ya kilima, lakini nilikuwa nimekubaliana na wenyeji wetu watupokee, bei ikiwa imeandikwa kwenye barua pepe. Niliomba pia chakula cha usiku kiwe hapohapo nyumbani. Giza la shambani si la kutembea barabarani ukitafuta mkahawa.

Tulipofika, signora, yaani bibi mwenye nyumba, alichukua pasipoti zetu. Mama akanishika mkono. Nilimweleza kwamba ni sheria: kila mwenye nyumba ya wageni Italia hupeleka majina ya wageni polisi ndani ya saa 24. Zilirudi kabla hatujamaliza kunywa maji.

Nyumba ilimtuliza mama kuliko maneno yangu. Ua katikati, kisima, kuta nene zilizopakwa chokaa nyeupe, madirisha madogo upande wa nje na maisha yote yakielekea ndani. Aligusa ukuta akasema, "Mwanangu, hawa wamejenga kama wazee wetu." Mama amekulia Lamu, na kweli ukiondoa kwamba jiwe lao huchimbwa ardhini na letu ni matumbawe, fikra ni ileile: jiwe la chokaa, chokaa juu yake, na kivuli ndani. Tofauti ni woga uliowajengesha. Juu ya mlango mkubwa kuna kibaraza cha jiwe chenye tundu sakafuni, na kupitia tundu hilo walimwaga mawe au maji ya moto juu ya yeyote aliyetaka kuvunja mlango. Wavamizi walitoka baharini. Mwaka 1480 jeshi la Waosmani, yaani Waturuki, liliuteka mji wa Otranto, kusini zaidi, na pwani nzima iliishi na kumbukumbu hiyo.

Chakula ndicho kilichokuwa kikinisumbua usiku kabla ya safari, kwa sababu sisi ni Waislamu na Italia nguruwe anaingia mahali usipomtegemea. Wiki kadhaa mapema niliandika jikoni kwa Kitaliano, nikitaja vitu vitatu kwa majina yao: maiale, yaani nguruwe, strutto, mafuta yake, na vino, mvinyo. Hilo la pili ndilo wengi husahau. Pasticciotto, kile kikeki cha Lecce chenye krimu ndani, kwa asili hukandwa kwa strutto. Na taralli, vile vikaukau vya mviringo vinavyowekwa mezani kila mahali, kwa kawaida vina mvinyo mweupe kwenye unga. Nyama tuliiacha kabisa kwa kuwa haikuwa ya kuchinjwa kwa taratibu zetu. Jibini lilileta swali la kimeng'enya cha tumbo la ndama. Mama akaliacha, mimi nikala burrata, jibini laini la huko.

Baada ya hapo, Puglia ni nchi ya raha kwa mla mboga na samaki. Mapishi yao ya asili ni ya watu wasiokuwa na nyama. Tulikula orecchiette, tambi zenye umbo la masikio madogo, kwa majani ya cime di rapa na dagaa wa chumvi, focaccia ya Bari, mkate bapa wenye nyanya, samaki wa siku hiyo. Siku walipoleta maharage ya fava yaliyopondwa hadi yakalainika, pembeni majani machungu ya chikoria, mama alionja akasema, "Hii ni mchunga!" Akaomba tena, na mpishi akatoka jikoni kumtazama mama aliyekuwa akisifia chakula cha maskini kuliko samaki.

Kinu cha zamani cha mafuta kiko chini ya nyumba, kimechimbwa ndani ya mwamba. Huko chini joto halibadiliki sana, kwa hiyo mafuta hayakuganda wakati wa baridi. Wakamuaji waliingia vuli na kuishi humo miezi hadi msimu uishe, pamoja na nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, aliyezungusha jiwe. Signora aliposema nyumbu alifungwa macho asipate kizunguzungu, mama alinigeukia: bibi yake alimsimulia hivyohivyo kuhusu ngamia wa kinu cha simsim. Nikatafsiri, na wale wanawake wawili wakaanza kuulizana maswali hata mimi mkalimani nikachoka. Mafuta mengi ya zamani za kule hayakuwa ya kula, bali ya taa; yalipakiwa bandarini Gallipoli, mji wa pwani ya Puglia, na kuwasha taa za miji ya Ulaya.

Lakini nilihuzunika pia. Mwaka 2013, karibu na Gallipoli hiyohiyo, iligunduliwa bakteria ya Xylella, inayobebwa na mdudu mdogo anayefyonza utomvu, nayo imekausha mizeituni kwa mamilioni na kupanda kaskazini. Miti ya bonde la Ostuni ni ya karne nyingi, vigogo vimejisokota hadi vina matundu ya kupita mtoto, na sheria ya mkoa ya mwaka 2007 inailinda mmoja mmoja. Sheria haizuii bakteria. Wenyeji wetu wanapandikiza vitawi vya Leccino, aina inayostahimili, juu ya vigogo vya kale, na walituonyesha majani mapya kwa fahari. Hela ya chumba chako inakwenda huko, na hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kusisitiza nyumba inayolima.

Siku ya kuondoka andaa fedha taslimu kidogo kwa kodi ya wageni ya manispaa, ambayo mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni. Mafuta nunua ya kopo, si ya chupa, na uyapange kwenye begi kubwa. Angalia mwaka wa mavuno ulioandikwa, maana yanayouzwa Oktoba mapema huenda bado ni ya mwaka uliopita. Sisi tulisubiri mkamuo wa kwanza. Mafuta yake ni ya kijani, yanawasha koo kidogo, na mama huyatia kwenye mchunga.