Mbwa akishikwa na degedege, angalia saa kwanza

Mara ya kwanza Bosi kushikwa na degedege nilijua ndo anakufa. Alikuwa kalala zake, ghafla mwili ukakakamaa, kichwa kikarudi nyuma, akaanza kupiga miguu hewani kama anakimbia huku mate yanamtoka na mkojo juu, na mimi nikafanya ule ujinga wa kupeleka mkono mdomoni eti asimeze ulimi. Kovu la kidole ninalo mpaka leo. Mbwa hamezi ulimi jamani, na wakati ule hata hakujui wewe ni nani, taya linajibana lenyewe. Sogeza viti na meza, mtoe karibu na ngazi, basi.

Ningeapa ilichukua dakika kumi. Mdogo wangu alikuwa anarekodi na simu (nikamfokea sana, namwomba radhi), tukaja kuangalia video, dakika moja na nusu tu! Na dokta wa mifugo alielewa zaidi kwa ile video kuliko maelezo yangu yote, manake mbwa akizimia kwa shida ya moyo watu wanachanganya na kifafa. Wa moyo mara nyingi inamkuta kwenye mbio au msisimko, analegea, halafu anaamka fasta na yuko sawa. Wa kifafa mara nyingi inamkuta katulia au kalala, na ikiisha anabaki kapotea kabisa. Bosi alizunguka nyumba masaa mawili, anagonga ukuta kama haoni, anakula kila kitu.

Sasa kwa nini saa? Kwa sababu degedege nyingi zinaisha ndani ya dakika mbili zenyewe, ila ikifika dakika 5 haijaisha usisubiri, hiyo ni dharura, misuli inavyokaza hivyo joto la mwili linapanda na ubongo unaanza kuumia. Hivyohivyo akipata mbili au zaidi ndani ya masaa 24, au ya pili ikaja kabla hajarudiwa na fahamu. Kama ni kitoto, ama jike linalonyonyesha, ama unahisi kala sumu (ya panya, ya konokono, ya wadudu, chokoleti, hata bazoka isiyo na sukari yenye zailitoli, kile kitia utamu badala ya sukari, ile inashusha sukari ya damu ya mbwa vibaya), nenda tu hata kama imeisha baada ya sekunde 30. Na tafadhali usimmiminie maziwa mdomoni, yataingia kwenye mapafu.

Ikiwa ni mara ya kwanza na imeisha yenyewe, bado mpigie dokta na umpeleke apimwe damu. Ya Bosi ilianza akiwa na miaka 3, vipimo vyote safi, na kifafa kisichojulikana chanzo mara nyingi kinaanza kati ya miezi 6 na miaka 6, kwa hiyo akaanzishiwa fenobabitali, dawa ya kuzuia degedege, kila baada ya masaa 12. Inachukua kama wiki mbili kukaa sawa kwenye damu, ini linapimwa mara kwa mara, na huachi ghafla hata akae mwaka bila degedege, ukikata tu inaweza kurudi kwa nguvu.

Nimeweka alamu saa moja asubuhi na saa moja jioni. Ikilia, Bosi ndo anafika wa kwanza, manake kidonge tunakificha kwenye nyama.