Bunduki ya shamba: nilivyowakwepa wenye ushauri

Kila niliyemgusia kwamba natafuta bunduki ya kulindia shamba alinijibu wimbo uleule: chukua semi-otomatiki, inajikoki yenyewe, nguruwe hakupi nafasi ya pili. Wengi wao hata gobole hawajashika. Kinara wao mjomba wangu wa Mikindani. "Mpwa wangu, dunia imekwenda mbele, wewe unataka za mkoloni?"

Shamba lenyewe liko Nachingwea, mihogo na karanga katikati ya mikorosho. Nguruwe pori wakilala humo usiku mmoja, asubuhi unaokota majani tu. Kibali sisimulii: unaanzia kijijini, unapanda mpaka polisi, unavumilia.

Mjomba akanipeleka kwa mzee mmoja mwenye shotigani semi-otomatiki ya Ubelgiji, ule mtindo wa John Browning, mtutu unaorudi nyuma kila ukifyatua. Inang'aa kama sufuria la harusi! Mimi nikatazama maandishi yaliyochongwa ubavuni: kingo zimelika, herufi zimefifia. Maana yake imesuguliwa kutu, ikapakwa rangi upya. Bunduki iliyotundikwa karibu na bahari usiiamini kwa sura.

Siku ya kuijaribu, mwenyewe akafyatua. Moja ikatoka, ganda likabana kwenye mlango wa kutokea. Akalitoa kwa kidole, akafyatua, likabana tena. Mjomba anakohoa tu. Nikaomba ivuliwe ule mti wa mbele, wa kushikia chini ya mtutu, na pete ya breki, ile inayopunguza kasi ya mtutu unaporudi, nikaikuta mbele ya springi, yaani imepangwa kwa risasi nzito, na yeye anatia nyepesi. Nguvu ya kurudi haitoshi, ganda halitupwi. Kupanga upya ni kazi ndogo, lakini nikajiuliza: usiku, tochi mdomoni, nguruwe mbele yangu, nianze kupanga pete?

Nikageukia bunduki ya mitutu miwili, geji 12 (ndio kipimo cha upana wa tundu la mtutu), ya mstaafu mmoja wa Masasi. Hapo ndipo nilipojidai. Kwanza nilihakikisha haina kitu, nikaitenganisha, nikauning'iniza mtutu kwa kidole kwenye ile ndoana ya chini, nikaugonga kwa ukucha. Ukilia kama kengele, mabati yanayounganisha mitutu yameshika. Ukitoa sauti ya debe bovu, rudi nyumbani. Ulilia. Nikachungulia ndani kuelekea dirishani: duara za mwanga zilizonyooka ni mtutu mzima, duara iliyopinda, mtutu umebonyea hapo.

Halafu karatasi ya sigara. Ukiwa umeuvua ule mti wa mbele, iweke pale mtutu unapokutana na mwili wa bunduki, funga, kisha ivute. Ikitoka kirahisi, bawaba imechoka. Yangu ilichanika, na mzee akaniuliza, "Kijana, wewe fundi?" Nikanyamaza, bei ikashuka yenyewe. Milioni na ushee, na uhamisho wa umiliki ukafanyika polisi. Anayekuambia mmalizane nyumbani anakutafutia jela.

Jambo ambalo hakuna aliyenitajia ni urefu wa chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Yangu imeandikwa milimita 70. Risasi ya 76 inaingia vizuri tu, ukafikiri inafaa, kumbe ganda halina nafasi ya kufunguka na presha inapanda vibaya. Soma mtutu kabla ya kununua risasi, dukani hawakuulizi.

Mjomba bado anaiita bunduki ya babu. Juzi kapiga simu, nguruwe wamemaliza mihogo yake, nimwazime kidogo. Nikamwambia haiazimwi, leseni ina jina langu.