Siku moja maishani mwangu: mimi niko Kigoma, dramu liko Ghuba

Saa 12 asubuhi. Mtaani hapa Mwanga wanajua nashinda kwenye laptopu nacheza beti, acha wajue hivyo hivyo. Kazi yenyewe iko rifainari moja huko Ghuba, wanapika yale masalia mazito ya mafuta ghafi, tanuru linayapasha mpaka nyuzi 490 hivi, yanaingia kwenye dramu refu na humo yanageuka makaa. Likijaa linapigwa mvuke, linapozwa kwa maji, linafunguliwa juu na chini, halafu makaa yanakatwa kwa maji ya presha kali. Nilikuwa mkataji huko, sasa niko nyumbani, wakikwama nawasomea namba. Saa zao na zetu ni zile zile, afadhali.

Saa 1 na nusu. Voisi ya jamaa yangu wa Mombasa, mkataji wa huko rifainari: "Kaka, leo haikati, pampu imechoka." Pampu maskini, kila siku yeye ndo mchawi. Nikamwambia nitumie presha, mtiririko wa maji na ampea, yaani umeme unaovutwa na mota ya pampu, zote za muda mmoja. Presha iko bar 190 wakati kawaida yao ni 250 na kitu, mtiririko umepanda, ampea nazo zimepanda. Sasa hapo pampu haijachoka, inafanya kazi kupita kiasi, maji yanapita kirahisi mahali fulani. Nozeli, kile kitundu cha kutolea maji, ingeziba ungeona kinyume, presha juu, mtiririko na ampea chini.

Nikauliza shimo la kwanza la katikati lilitokaje, akasema fresh kabisa, balaa limeanza walipobadilisha kichwa cha kukatia, kile cha mwisho wa bomba chenye nozeli, kiache kuchimba chini kianze kukata pembeni. Nozeli ni mpya za wiki hii, hazijalika. Basi wamebaki washukiwa wawili, valvu inayorudisha maji tangini haijafunga vizuri, au kichwa kimekwama katikati kinatoa maji kote kote, chini na pembeni.

Saa 3. Akapanda kuangalia bomba la kurudishia maji tangini. Kavu. Valvu haina kesi.

Hapo msimamizi wake akaingia kwenye simu, anataka waendelee hivyo hivyo maana dramu la pili, linalopokea mafuta wakati hili linakatwa, linajaa na halimsubiri mtu. Namwelewa, ila maji nusu nguvu yanakula saa nyingi na makaa yakiporomoka yanabana bomba la kuchimbia, ukifika hapo ndo umeumia. Nikamwambia mzee, punguza mafuta yanayoingia tanuruni upate muda, pampu izimwe na ifungwe kufuli ndo kichwa kitoke, yale maji nje ya dramu yanakata mtu.

Saa 6 mchana. Umeme ukakatika, nikahamia bando la simu huku nakula ugali wa muhogo na migebuka. Umeme kukatika hunikumbusha Anacortes kule Marekani, Novemba 1998, dhoruba ilikata umeme, dramu likaachwa lipoe lenyewe, walipolifungua masalia ya moto yakamwagika yakawaka na watu 6 wakafa. Nikamtumia jamaa voisi nyingine hata kama ananiona msumbufu: dramu limepozwa kwa maji sawa, lakini mtu asichungulie shimoni, ndani ya makaa huwa kunabaki sehemu zenye moto.

Saa 8. Picha imefika. Kichwa kimefunguliwa na pale panapohamisha maji kutoka chini kwenda pembeni kuna unga mweusi wa makaa umeshindiliwa kama tope la mfinyanzi. Maji ya kukatia yanazunguka yale yale, yanatoka dramuni yanapita shimo la kutulizia yanarudi tangini, shimo likijaa unga hautulii, unapita na maji mpaka kwenye kichwa na nozeli. Wakasafisha, wakajaribu kukibadilisha mara kadhaa, kikakubali.

Saa 10 jioni. Bar 262, ampea zimeshuka, makaa yanadondoka. Nikauliza kwenye grupu shimo lilisafishwa lini, tiki za bluu zikajaa, hakuna aliyejibu. Nimewaambia kesho sitaki grafu, nataka picha ya hilo shimo.