O moja au mbili

Tangu Jumanne nabishana na irabu.

Mnaonifuata humu mnajua Jumamosi nilikuwa na mashindano ya yoyo hapa Ohio, yale niliyofanyia mazoezi jikoni mpaka jirani wa chini akagonga dari. Nimeishia kwenye mchujo. Hilo nimeshalimeza. Ambalo halishuki ni la mama. Nilimtumia video mbili, yangu na ya yule kijana wa miaka 14 aliyeondoka na kombe, kisha Jumanne nikampigia kwenye mapumziko ya kazini. Kwangu saa kumi usiku, Tanga saa tano asubuhi.

"Shikamoo mama. Umeziona?"

"Marahaba mwanangu. Nimeziona. Huyo mtoto mbona kama anafukuza nyuki?"

Nikacheka, nikamuuliza, na mimi je?

"Wewe sasa, mwanangu, u..." Mtandao ukakwaruza. "...poza tu."

Simu ikakata.

Unapoza tu, kama mtu anayepoza chai kwa vikombe viwili? Au umepooza tu? Hiyo o niliisikia ndefu, lakini mtandao wetu huo unarefusha hata salamu. Alhamisi nimefaulu mahojiano ya uraia (nitaandika siku nyingine), ghalani wametupunguzia saa, na njia nzima ya kurudi nyumbani mdomo wangu ulikuwa unapoza, umepooza, unapoza, umepooza.

Kwa wageni: mchujo ni dakika moja. Waamuzi wameshika kidude cha kubofya, kila yoyo inapotua vizuri kwenye uzi wanabofya, ukikosa wanabofya cha kupunguza. Zipo alama za usafi, za muziki, za namna unavyoutumia mwili jukwaani, lakini sehemu kubwa ni hizo bofya. Yule kijana alikuwa anatua mara tatu ndani ya muda ambao mimi natua mara moja. Mikono yake sikuiona kabisa, niliona fulana tu. Na tafadhali, asiniandikie mtu haraka haraka haina baraka. Baraka zote kabeba yeye, na kombe juu.

Mimi nilijipanga kwa ulaini. Yoyo za mashindano zina beringi, hazirudi mkononi ukizivuta kama zile za plastiki za utotoni, lazima uzirudishe kwa kuukunja uzi. Kwa hiyo ikiwa chini inabaki inazunguka, ina mwendo wake, na mchezaji laini anaufuata huo mwendo bila kuushtua. Shida ni kwamba polepole inaumbua. Ukienda mbio, kosa linapita kabla jicho halijalikamata. Ukienda taratibu, yoyo ikainama kidogo tu ikaanza kusugua uzi, anaiona hata yule wa kiti cha mwisho mwenye soda yake.

Nilishajiandalia utetezi. Mwaka 2019 nilikuwa ukumbini Cleveland, Gentry Stein alipotwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya pili, baada ya ule wa Prague 2014, na tangu siku ile kila anayenicheka namtajia yeye. Laini, mtindo, hana papara. Jana nimeirudia video yake nikiwa na kalamu, nikihesabu mituo kama mwamuzi. Wallahi jamaa ana mbio. Haonekani tu kuwa nazo. Nikamgeukia Hiroyuki Suzuki wa Japani, bingwa wa dunia 2004, 2005 na 2006, halafu tena 2012, ambaye siku zote nimemweka kundi la wafukuza nyuki. Kila mtuo wake msafi. Nikarudi kwenye video yangu. Nusu ya huo ninaouita mtindo ni mimi kutafuta uzi ulipo.

Basi ni umepooza, nikasema. O mbili, kesi imekwisha.

Usiku nikachemsha chai, na sijui kwa nini nikachukua vikombe viwili. Nikamkumbuka mama asubuhi za shule, tumechelewa, kikombe kimoja juu ya bega, kingine kiunoni, chai inashuka kama utepe. Alikuwa na haraka yule! Ukimaliza kufunga kamba za viatu ameshamimina mara sita, na meza kavu. Mimi jana nimemwaga juu ya jiko, nikacheka peke yangu kama kichaa, kisha nikaichukua yoyo nikacheza mpaka saa nane, nusu ya mitindo yangu nimeitupa. Jirani hakugonga.

Leo asubuhi nimevunja aibu nikamwandikia dada Mwanaidi amuulize mama alisema nini hasa. Kanirudishia sauti ya sekunde tisa, huku anapiga miayo: "Kaka, nani anakumbuka? Nilikuwapo. Mama alikuwa anamwambia Fatu apoze chai, asijiunguze."

Nimeisikiliza mara nne. Kwa hiyo ile "u" ilikuwa yangu, na "poza" ikawa ya Fatu? Na yangu iliishia wapi?

Lakini ngoja. Jumanne. Saa tano asubuhi. Fatu yuko darasa la tatu, alikuwa anakunywa chai nyumbani kwa nini siku ya shule? Nimemuuliza Mwanaidi. Alama mbili za buluu, saa sita zimepita, kimya.